Hesabu Iliyosainiwa Bila Kuhesabiwa: Kisa cha Epstein kwa Macho ya Shanzu

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2019, katika gereza la Metropolitan Correctional Center jijini New York, mahabusu wa miaka 66 alikuwa peke yake kwenye seli ambayo alitakiwa asikae peke yake. Saa nne usiku alipaswa kuhesabiwa. Saa sita, saa tisa na saa kumi na moja alfajiri vilevile. Kati ya hesabu na hesabu, askari walitakiwa wapite mlangoni kwake kila nusu saa. Karatasi za usiku ule zilijazwa na kutiwa saini kama kawaida. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wa kugawa chakula, alikutwa amejinyonga.

Mahabusu huyo ni Jeffrey Epstein, tajiri aliyekuwa akisubiri kesi ya kusafirisha wasichana wadogo kwa ajili ya ngono. Hapa Mombasa ukilitaja jina hilo barazani, kuanzia Mwembe Tayari mpaka Mtwapa, utapewa nadharia kabla hujapewa kahawa. Kauawa, katoroshwa, yuko kisiwani anakula maisha. Nadharia hizo nitaziacha zilipo kwa sasa. Ninachokitaka ni ripoti iliyotolewa Juni 2023 na mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani, kwa sababu ni nadra sana kifo cha mtu mmoja gerezani kupekuliwa saa kwa saa, zamu kwa zamu, kisha matokeo yakawekwa hadharani kila mtu ajisomee. Vifo vya magereza yetu havijapata bahati hiyo, kwa hiyo inabidi tusomee kwa wenzetu.

Wiki tano kabla

Alikamatwa tarehe 6 Julai. Tarehe 18 akanyimwa dhamana. Usiku wa tarehe 23, saa saba na ushei, askari wakamkuta ndani ya seli na kitambaa shingoni. Hapo gereza lilifanya inavyotakiwa. Aliwekwa kwenye uangalizi wa watu wanaohofiwa kujiua, ambako mtu hapewi nafasi ya kuwa nje ya macho ya mlinzi hata dakika moja. Baadaye akapunguziwa, akawa chini ya uangalizi wa idara ya saikolojia mpaka tarehe 30 Julai. Siku hiyo akarudishwa kitengo cha ulinzi maalumu, na idara ikatuma barua pepe kwa wafanyakazi zaidi ya 70 ikiwaeleza kwamba mtu huyu lazima awe na mwenzake wa seli.

Barua hiyo haifai kupitwa haraka. Jambo likiambiwa watu sabini, kila mmoja ana haki ya kudhani kwamba yupo mwingine anayelishughulikia. Amri ilikuwa sahihi, iliandikwa na mtaalamu na ikafika kwa wakati. Kwa ninavyoona mimi, ilipungukiwa na kitu kimoja: jina la mtu atakayeulizwa siku mwenzake wa seli akiondoka.

Na akaondoka kweli. Asubuhi ya tarehe 9 Agosti mwenzake huyo alitolewa na vitu vyake kwenda mahakamani, na huko akahamishiwa gereza jingine. Wapo askari wa kitengo waliojua. Zamu ya asubuhi ikatoka, ya alasiri ikaingia, ikatoka, ya usiku ikaingia, na ile seli ikabaki na mtu mmoja ndani. Habari hiyo ilijulikana, lakini hakuna aliyeifuatilia hadi mwisho.

Siku hiyohiyo mahakama ya rufaa ilifungulia umma takriban kurasa 2,000 za nyaraka za kesi ya madai iliyomgusa Epstein. Jioni akaomba kumpigia simu mama yake. Akaruhusiwa, kwa laini isiyorekodiwa, bila mtu wa kusikiliza. Mama mwenyewe alikuwa ameshafariki miaka mingi nyuma, na aliyepigiwa ni mtu mwingine wa karibu naye. Hakuna kati ya hayo linalotosha kusema mtu huyu anakwenda kujiua leo. Lakini yajumlishe: alijaribu wiki mbili na nusu zilizopita, dhamana hana, leo siri zake zimeanikwa, leo amebaki peke yake, na leo ameomba simu ya faragha. Kila idara ilishika kipande chake, na kujumlisha hakukuwa kazi ya yeyote.

Mita tano

Meza ya askari wa usiku ilikuwa kiasi cha futi 15 kutoka kwenye mlango wake, yaani hazifiki mita tano. Walikuwa wawili, wote kwenye saa za ziada, na mmoja wao kazi yake ya kila siku haikuwa tena kulinda seli. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyofunguliwa Novemba mwaka huo, usiku ule walikaa mezani wakiperuzi intaneti wakitafuta fanicha, pikipiki na habari za michezo, na kwa muda wa saa mbili hivi walionekana kama wamelala. Tangu karibu saa nne na dakika arobaini hakuna aliyekanyaga mbele ya seli ile mpaka asubuhi. Mashtaka yakasema karatasi za doria zilikuwa na saini za uongo zaidi ya 75.

Saini za uongo sabini na tano kwa usiku mmoja si uvivu wa mara moja tu. Mtu hufika huko kwa mazoea. Kama karatasi ilijazwa vile siku ambayo mfungwa maarufu kuliko wote Marekani alikuwa ndani, basi siku za akina fulani wasiojulikana hali ilikuwaje? Karatasi ya hesabu inataka namba, saa na saini, na mtu anaweza kuvipata vyote vitatu akiwa amekaa kitini. Haikuulizi umemwona amelala upande gani, umemsikia akikohoa, blanketi linapanda na kushuka au halipandi. Wenye taaluma wanasema hesabu haijawa hesabu mpaka umeona mwili wa mtu unaopumua. Wote tunajua kwamba usiku wa manane, kwa askari aliyechoka, njia fupi ni kuandika namba ya jana.

Uchovu huo si wa kupuuza, na sipendi tabia ya kuwarundikia askari wawili dhambi za ofisi nzima. Gereza lile lilikuwa na upungufu wa watu, na mwenye kupanga zamu alijua anampanga nani. Kwenye seli ile kulikuwa na mashuka na nguo za kupita kiasi, maana upekuzi haukufanywa sawasawa. Mtambo wa kurekodi kamera ulipata hitilafu tarehe 29 Julai, hivi kwamba karibu nusu ya kamera zikawa zinaonyesha bila kurekodi. Hitilafu ikagunduliwa tarehe 8 Agosti, na hadi usiku wa tukio haikuwa imetengenezwa.

Hapo ndipo nadharia za barazani zinapopata chakula. Mkaguzi mkuu hakupata ushahidi wa kupinga hitimisho kwamba hapakuwa na mkono wa mtu mwingine, na daktari wa serikali ya jiji alishasema tangu Agosti 2019 kwamba ni kujiua. Lakini umwambie nani? Julai 2025 Wizara ilipotoa video ya usiku ule, ilikutwa inaruka dakika moja karibu na saa sita ya usiku, na mjadala ukaanza upya kama vile mtu amekufa jana. Uangalizi una faida mbili, na ya pili huwa tunaisahau. Unazuia kifo, na kifo kikitokea licha ya yote, unakuwa shahidi. Hata anayeshikilia kwamba Epstein aliuawa lazima akubali kwamba ile doria ya nusu saa ndiyo ingemkuta muuaji.

Sisi wa Mombasa tunalielewa hili bila kufundishwa. Huu ndio mji ambao mhubiri Abubaker Shariff, aliyejulikana kama Makaburi, alipigwa risasi nje ya mahakama ya Shanzu mwezi Aprili 2014, na tangu hapo taarifa rasmi kuhusu mtu aliyekufa mikononi au mlangoni mwa dola husomwa jicho moja likiwa limefumbwa. Ukimwambia mama wa Kisauni kwamba mwanawe kafa kwa ugonjwa akiwa ndani, atakuuliza nani alikuwepo. Asipojibiwa, jibu atapewa na mtaa.

Ufunguo ulikuwa na nani?

Nina jirani yangu huku Shanzu, mzee aliyestaafu uaskari jela baada ya kuzunguka magereza ya bara na pwani. Nilimsimulia kisa hiki chote, nikitarajia atashika hapo kwenye usingizi au kamera. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Ufunguo ulikuwa na nani?"

Nikamwambia, mzee, waliofungua mlango asubuhi ni haohao askari wa zamu.

"Basi hao walikuwa na raha, mwanangu. Mimi nilikuwa nikilinda usiku na tochi na rungu. Wodi imefungwa tangu alasiri, ufunguo uko ofisini kwa afisa wa zamu. Mtu akizidiwa, wenzake wanagonga mlango, 'Afande, mgonjwa! Afande, mgonjwa!' Mimi namwona dirishani anatapatapa, na siwezi kufungua. Nikaripoti, aje afisa, waje askari wengine, maana wodi ya watu mia haifunguliwi na mtu mmoja usiku. Na kabla ya hayo yote, unajua kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ukisikia mlango unagongwa saa nane?"

Nikasema sijui.

"Wanataka kutoroka."

Kwa maoni yangu jibu hilo linaeleza zaidi ya nusu ya tatizo, huko kwao na huku kwetu. Gereza lenye ulinzi mkali limejengwa likiwa na hofu moja kubwa, na hofu hiyo si ya kifo. Kuta, mnara, mbwa, hesabu ya asubuhi na ya jioni, vyote vinauliza "wako wangapi?" Maiti naye huhesabika. Ukipita ukakuta watu kumi na mmoja wamelala na wa kumi na mbili anaoga, umemaliza. Ukikuta kumi na mbili wamelala na mmoja hapumui, kwa hesabu hiyo pia umemaliza.

Tazama jinsi adhabu inavyogawanywa. Novemba 2021 wafungwa watatu wa kesi za ugaidi walitoroka Kamiti. Siku mbili baadaye Kamishna Jenerali wa Magereza alikuwa ameshapoteza kazi, askari wakakamatwa, picha za watoro zikabandikwa nchi nzima, na kabla wiki haijaisha wakanaswa Kitui. Sisemi ilikuwa makosa kufanya hivyo. Nasema sijawahi kusikia Kamishna aliyefutwa siku mbili baada ya mfungwa kufa. Askari hujifunza kutokana na kinachowapata wenzao, na somo la Kamiti lilikuwa wazi: akitoroka umekwisha, akifa utaandika ripoti. Huko New York vilevile, wale askari wawili walifikia makubaliano na waendesha mashtaka mwaka 2021, wakafanya saa 100 za kazi za jamii, na mashtaka yakaondolewa.

Kisa cha King'ong'o, Nyeri, mwaka 2000, kinatukumbusha kwamba lugha ya kutoroka inaweza kutumika pia kufunika kifo. Wafungwa sita waliohukumiwa kunyongwa walikufa, ikaelezwa kwamba walikuwa wakitoroka. Uchunguzi wa miili yao ukaonyesha majeraha ya kipigo.

Kisa hiki kikihamia Shimo la Tewa

Hakihami kizimakizima. Epstein alikuwa kwenye seli ya watu wawili. Magereza yetu, na Shimo la Tewa likiwemo, yamejengwa kwa wodi, na wodi hizo zimejaa. Ni nadra mtu wetu kufa peke yake. Kanuni za Mandela za mwaka 2015, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu kuwatendea wafungwa, zinasema palipo na vyumba vya mtu mmoja, kila mfungwa awe na chumba chake usiku, na ukisoma sentensi hiyo ukiwa foleni ya kuona ndugu yako kule Shimo utacheka kidogo. Msongamano huo, ajabu, ni aina ya uangalizi. Wenzake humwona anayenyamaza ghafla, anayegawa nguo zake, anayekataa ugali siku ya tatu. Jicho la kwanza la gereza letu ni la mfungwa mwenzake, na hasa nyapara.

Sasa, jicho la nyapara lina bei yake. Kuna nyapara atakayeita afande kwa sauti mpaka koo likauke, na kuna nyapara ambaye ndiye tatizo lenyewe. Gereza linalomwachia uangalizi bila kumwangalia yeye limekabidhi maisha ya watu kwa mtu asiyelipwa, asiyefunzwa, na ambaye hatashtakiwa. Dawa yake si kumfuta. Dawa ni askari au muuguzi kuingia wodini na kuzungumza na watu wengine, kando, bila yeye.

Kisa cha Epstein kinagusa zaidi wale waliotengwa: wa kesi za ugaidi, wanaotishiwa na wenzao, waliopewa adhabu ya ndani. Hao ndio kwetu wanaokaa peke yao nyuma ya mlango mzito. Kanuni za Mandela zinahesabu saa 22 na zaidi kwa siku bila kukutana na watu kwa maana halisi kuwa ni kifungo cha upweke, na ukizidi siku 15 mfululizo ni marufuku. Anayemtenga mtu amemwondolea macho yote ya wodini kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo ni juu yake kuyarudisha kwa njia nyingine, usiku huohuo. Kwamba nia ikiwepo njia hupatikana, tunajua. Juni 2010, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, lilifunguliwa ndani ya Shimo la Tewa jengo la mahakama yenye ulinzi mkali kwa ajili ya kesi za maharamia wa Kisomali. Dunia ilipotaka, mambo yalijengwa.

Halafu kuna vifo vya kawaida, ambavyo havina nadharia. Wafungwa wetu hufa zaidi kwa maradhi kuliko kwa kitanzi: kikohozi kilichoachwa, kisukari kisichopimwa, joto la Januari ndani ya wodi iliyofungwa. Uangalizi hapo ni muuguzi mwenye daftari anayeuliza swali lilelile kila asubuhi. Mfungwa anapopokelewa inapasa achunguzwe mapema, mwili na akili, ikiwemo hatari ya kujidhuru. Na hapa sheria yetu yenyewe ilikuwa kikwazo. Mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Mahabusu aliyeulizwa "umewahi kujaribu?" alikuwa anaulizwa akiri kosa jingine, tena na mtu aliyevaa sare. Nani angejibu? Fomu za mapokezi zinafaa kuandikwa upya sasa, na askari waambiwe kwa nini.

Kama ningepewa nafasi ya kubadili mambo machache tu, ningeanza na saini. Itiwe mlangoni kwa aliyetengwa, si mezani, na pembeni yake neno moja la alichokuwa akifanya: amekaa, anasali, amelala kifudifudi, ameomba maji. Doria zisiwe na saa maalumu, maana mtu aliyedhamiria hujifunza ratiba haraka kuliko mkuu wa gereza. Kila wiki afisa mmoja achague usiku mmoja bila kutangaza, alinganishe daftari na kamera, na kamera isiyorekodi ihesabiwe kama mlango usiofungika, itengenezwe siku hiyohiyo. Yule aliyepewa mwenzake wa seli kwa amri ya daktari awe na kibandiko mlangoni chenye jina la afisa anayewajibika. Na ufunguo wa usiku usogezwe karibu. Mzee wangu alisema hilo lingemkosesha usingizi mkuu yeyote wa gereza. Nami nikamjibu, bora akose yeye.

Baada ya kifo

Mtu akifia gerezani, kifungu cha 387 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamtaka hakimu wa karibu afanye uchunguzi. Hiyo si hisani kwa familia. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi ambayo wengi hukimbilia, imeundwa kwa ajili ya polisi, si askari jela. Sheria ya huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo ilipitishwa 2017, kisha miaka ikapita bila ofisi yenyewe kusimama. Kwa hiyo mzigo unabaki kwa hakimu, kwa daktari anayefanya uchunguzi wa maiti, na kwa ndugu wenyewe.

Ndugu wengi huanzia mochari na kuishia hapo. Wanapigania mwili, jambo ambalo hakuna wa kuwalaumu, hasa kwa Waislamu ambao mazishi hayangoji. Lakini siku hiyohiyo, kabla ya maziko, wakili au hata mzee wa familia apeleke barua kwa mkuu wa gereza na nakala kwa hakimu, akiomba vitu hivi vihifadhiwe vilivyo: daftari la hesabu la usiku ule na la wiki nzima kabla yake, orodha ya zamu, daftari la zahanati, rekodi za kamera, daftari la kutoa na kurudisha funguo, na majina ya wafungwa waliolala wodi moja na marehemu kabla hawajahamishwa. Aombe pia daktari wa familia awepo wakati wa uchunguzi wa maiti. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki nyumbani.